Nilivyochagua bastola ya kubeba kila siku Dar es Salaam

Wengi huanza na jina la bastola. Mimi nilianza na kiuno, nguo na njia ninayopita kila siku, bastola yenyewe nikaiacha iwe ya mwisho. Sababu kubwa ni leseni. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni inakwenda na silaha moja yenye namba yake, kwa hiyo huwezi kuibadilisha kama simu ukigundua inakubana mbavu. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa, yanapanda ngazi kwa ngazi hadi makao makuu ya polisi, na yanadai alama za vidole na cheti cha umahiri. Aliye chini ya miaka 25 asijisumbue. Ukichagua vibaya, unarudi mwanzo wa mlolongo huo huo.

Dukani niliuliza kwanza upatikanaji wa risasi, ndipo nikauliza bei ya bastola. Nimeegemea risasi ya 9×19 (kipenyo cha milimita 9, ganda la urefu wa milimita 19) kwa sababu hiyo tu. Walther PPK ya 7.65 ni nyembamba na inakaa vizuri mfukoni, lakini silaha ambayo risasi zake zinasakwa kama dawa adimu hutaifanyia mazoezi. Rivolva fupi ya .38, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ina risasi tano na triga nzito, karibu kilo tano kwa vuto moja. Ni salama kubeba, ila kulenga nayo ni kazi ya mtu mzoefu. Watu hudhani rivolva ni ya anayeanza. Mimi naona kinyume.

Sasa ukubwa. Kinachomfichua mtu ni kitako, wala si urefu wa mtutu. Mtutu umezama ndani ya suruali. Kitako kiko juu ya mkanda, na ukiinama kuokota funguo kinachomoza kwenye shati kama kona ya kitabu. Glock 19 ina mtutu wa milimita 102 na magazini ya risasi 15. Glock 26 ina mtutu wa milimita 87 na magazini ya risasi 10. Tofauti ya mtutu haionekani kabisa chini ya shati. Tofauti ya kitako inaonekana. Kwa hiyo usishawishike kununua bastola yenye mtutu mfupi kupita kiasi: inapiga teke zaidi, kilengeo cha mbele na cha nyuma vinakaribiana hivyo kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye shabaha, na springi ya slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma, inakuwa ngumu kuvuta, hasa viganja vikiwa na jasho.

Uzito nao haudanganyi. Bastola ya saizi ya kati ikijaa risasi inakaribia gramu 850. Mkanda wa kawaida wa ofisini unainama, suruali inavutwa upande mmoja, na mtu anaanza kuipandisha kila dakika. Hapo kila aliye karibu ameshajua. Tafuta mkanda mgumu wa upana wa milimita 38 hadi 40. Shati la kitenge la kuachia nje linaficha vizuri kuliko fulana ya rangi moja, maana maua yake yanavunja umbo. Koti kwa joto la Februari linauliza maswali lenyewe.

Ala, yaani mfuko wa kuvalia bastola, ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko bastola. Ile ya kitambaa laini, inayouzwa kwa bei ya sahani ya biriani, mdomo wake unajifunga ukichomoa bastola. Ukirudisha, pindo la shati au kamba ya koti inaingia kwenye ulinzi wa triga, na mtu anajipiga paja. Ala iwe ngumu, ifunike triga yote, na mdomo ubaki wazi wenyewe. Kuipima ni rahisi: toa magazini, hakikisha chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, ni tupu kwa macho na kwa kidole, ingiza bastola, kisha geuza ala juu chini na uitikise juu ya godoro. Ikidondoka, rudisha ala dukani. Ngozi inapendeza lakini inanyonya jasho, na jasho letu la pwani ni chumvi tupu. Plastiki ngumu aina ya Kydex inafutika kwa kitambaa.

Mahali pa kuivaa, usifuate ushauri wa Wamarekani bila kufikiri. Magari yao usukani uko kushoto, buko la mkanda wa usalama linakaa nyonga ya kulia, juu ya bastola kabisa. Letu linakaa kushoto, kwa hiyo nyonga ya kulia ina utepe tu, lakini imebanwa na mlango. Kaa kwenye gari lako bastola ikiwa tupu, funga mkanda, uone kama mkono unafika bila kiwiko kugonga mlango. Kwenye bodaboda, katikati ya mgongo hapafai: ukiinama mbele shati linapanda, na ukianguka unaangukia chuma kwa uti wa mgongo. Kwenye daladala, ushauri wangu ni mmoja, usiibebe. Abiria wamekuegemea kila upande na konda anapita kwa kukusukuma.

Kubeba na risasi kwenye chemba au bila? Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi cha pini ya kufyatulia, kilichowekwa ili zisifyatuke kwa kudondoka. Tokarev, bastola ya zamani ya Kisovieti, haina kizuizi hicho, na ile hatua ya nyundo kusimama nusu njia, inayoitwa usalama, huchakaa. Hiyo chemba iwe tupu siku zote, bila mjadala. CZ P-07 inapendwa na wanaotaka triga ya kwanza iwe nzito, kwa kuwa nyundo hushushwa bila kufyatua.

Kuna tatizo ambalo wauzaji hawalisemi. Benki, mahakamani na ofisi nyingi huingii na silaha. Ukiwa mtu wa kutoa risasi chembani kila asubuhi na kuirudisha kila jioni, risasi ile ile inagongwa kwenye njia ya kuingilia, na kichwa chake kinazama kidogo kidogo ndani ya ganda. Ganda la 9×19 ni fupi, nafasi ya baruti ni ndogo, hivyo mgandamizo hupanda sana ukifyatua. Urefu wote wa risasi hii hauzidi milimita 29.69. Weka ile ya chembani mezani kando ya mpya ya boksi lile lile, wima, uangalie kwa usawa wa jicho. Tofauti ya nusu milimita inaonekana bila kipimo cha vernia. Iliyozama itenge, usiifyatue. Mimi naona afadhali kuivua ala nzima pamoja na bastola ndani yake na kuifungia kwenye kisanduku cha chuma, kilichofungwa kwa boliti kwenye fremu ya kiti cha gari. Droo ya dashibodi haifai hata kidogo. Siku yenye benki, mahakama na uwanja wa ndege kwa pamoja, silaha ibaki kwenye sefu nyumbani. Vivyo hivyo siku yenye glasi ya bia.

Kutu huanzia pasipoonekana: chini ya vilengeo, kwenye pini ndogo, midomo ya magazini. Futa kila jioni, mafuta tone moja moja tu. Yakizidi yanakusanya vumbi na yanaweza kuharibu fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni mwa risasi.

Nguvu unayoruhusiwa kutumia imewekwa kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya kujitetea, na neno lenye uzito humo ni kiasi: nguvu inayolingana na hatari. Mwizi anayekimbia na simu yako hakupi ruhusa ya kufyatua.

Ukisimamishwa barabarani usiku, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani, na useme kabla hujaulizwa: “Afande, nina silaha yenye leseni, iko kiunoni kulia. Leseni iko mfuko wa shati. Unataka nifanyeje?” Kisha usisogeze mkono mpaka ajibu.