Mistari ya kalamu ya risasi

Kompyuta huchora grafu nzuri mno, na ndiyo sababu siiamini. Nikitaka namba zinikae kichwani nazichora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba, kwa kalamu ya risasi, ambayo kila mwaka nawakumbusha wanafunzi wangu wa kemia kwamba haina risasi hata chembe. Wiki iliyopita nilikuwa na karatasi nne mezani, kila moja na uchafu wake: dioksidi ya salfa, oksidi za nitrojeni, risasi yenyewe, na amonia. Miaka imelala chini, tani zimesimama pembeni, na kila nchi ina mstari wake.

Mdogo wangu, aliyesomea uchumi na hachoki kutukumbusha, akapita nyuma ya kiti changu akaichungulia ile ya salfa.

"Dada, unajisumbua bure. Nchi ikiwa maskini haina viwanda, mstari uko chini. Ikianza kuchuma, unapanda. Ikishatajirika, watu wanadai hewa safi, unashuka. Ni kilima tu hicho."

Si hoja ya kijiweni. Wanauchumi Gene Grossman na Alan Krueger waliiwekea takwimu mwaka 1991, na wenzao wanaibishania hadi leo. Ukiutazama mstari wa Marekani peke yake utaikubali: karibu tani milioni 30 za dioksidi ya salfa mwaka 1970, na leo hazifiki milioni 2. Ila mimi nikiona mstari unashuka hivyo huuliza swali moja la kijinga: salfa imekwenda wapi? Maana pato la mtu haliingii kwenye dohani likaitoa.

Basi nikamwambia avute kiti, tukapiga hesabu. Tani moja ya makaa ya mawe yenye salfa asilimia 1 ina kilo 10 za salfa. Kila atomu ya salfa ikiungua hubeba oksijeni mbili, na uzito wa hizo mbili ni sawa na uzito wake yenyewe, kwa hiyo angani zinakwenda kilo 20. Hivi ndivyo takwimu nyingi za nchi zinavyopatikana: hakuna aliyepanda kila dohani na mizani, wanachukua kiasi kilichochomwa wanakizidisha na kiasi cha uchafu kwa kila tani. Sasa weka njiani mtambo wa kuosha moshi. Tope la mawe ya chokaa linanyunyizwa juu ya moshi, linaikamata salfa, linageuka jasi, ile ile ya kutengenezea mbao za dari. Mtambo mzuri unakamata asilimia 95, inatoka kilo 1 tu. Yaani nchi inaweza kuchoma makaa mara kumi ya zamani na bado ikatoa nusu ya uchafu wa zamani. Hapo ndipo kilima cha mdogo wangu kinapoanza kuyumba, kwa sababu kinapima utajiri wakati kazi yote imefanywa na tope la chokaa.

"Sawa, teknolojia," akasema, kama mtu anayekubali kupoteza kete moja.

Hapana, si teknolojia peke yake pia. Mtambo wa umeme wa Battersea pale London ulikuwa ukiosha moshi wake tangu miaka ya 1930. Ujuzi ulikuwepo, mto Thames uko mlangoni. Na bado Desemba 1952 ukungu wa moshi uliukalia mji ule siku tano. Hesabu ya kwanza ilitaja wafu 4,000 hivi, uchambuzi wa baadaye ukafika 12,000. Moshi ule ulitoka pia kwenye meko ya majumbani, mamia ya maelfu ya meko, na hakuna anayefunga mtambo wa chokaa sebuleni. Ilibidi ije sheria ya mwaka 1956 iliyotenga maeneo ambako moshi mweusi ni marufuku, watu wakahamia makaa yasiyofuka, umeme na gesi.

Mstari wa China ndio ninaoupenda kuliko yote. Unapanda kama ngazi hadi karibu mwaka 2006, halafu unageuka na kuporomoka, huku matumizi ya makaa yakiendelea kupanda. Kwa pato la mtu mmoja, China ya 2006 ilikuwa chini sana ya Marekani ya 1970, kwa hiyo iligeuka mapema kuliko kilima kinavyotaka. Mpango wao wa miaka mitano wa 2006 hadi 2010 ulidai salfa ipungue kwa asilimia 10. Wenye mitambo ya umeme wakafunga vifaa vya kuosha, kisha baadhi yao wakavizima, kwa sababu kuviendesha kunakula umeme ambao wangeuuza. Kifaa kipo, kinang'aa, swichi iko chini! Mambo yalibadilika serikali ilipofunga vipimo vinavyosoma dohani muda wote na kuwaongezea bei ya umeme wale wanaoosha kweli. India nayo ilitunga viwango vya salfa mwaka 2015, lakini tarehe ya mwisho ikasogezwa mara baada ya mara, na mstari wake ukaupita wa China.

Kuna kushuka kwingine ambako sikufurahia kukuchora. Ujerumani Mashariki, baada ya 1990: mstari unaanguka kama jiwe kisimani. Mitambo mipya ilikuja, kweli, ila sehemu kubwa ya mwanzo ni viwanda kufungwa na watu kurudi nyumbani bila kazi. Kwenye karatasi huwezi kuona tofauti.

Oksidi za nitrojeni sitakawia nazo, ni hadithi ya magari hasa na kifaa cha kusafisha moshi kinachofungwa kwenye ekzosi. Lakini kifaa hicho ndicho kilichoniunganishia karatasi ya tatu. Risasi kwenye petroli hukiua, hukipaka ganzi. Magari mengi mapya ya Marekani yalipoanza kufungwa aina ya kwanza ya kifaa hicho mwaka 1975, ilibidi yapatiwe petroli isiyo na risasi, hivyo kwa mwanzo risasi iliondolewa si haba kwa ajili ya kukilinda kifaa, wakati madaktari walishapiga kelele miaka mingi kwa ajili ya watoto. Algeria ilikuwa ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ya kawaida, Julai 2021. Karatasi ile imekaribia sifuri, na nimeibandika ukutani.

Ya nne imenishinda kubandika. Amonia inapanda taratibu katika nchi nyingi, maskini kwa tajiri, na Ulaya, ambako salfa imekwisha karibu yote, amonia imepungua kidogo kuliko chochote kingine. Haina dohani. Inatoka kwenye mkojo na samadi, kwenye urea iliyomwagwa juu ya udongo, mashamba mamilioni, kila moja na mwenyewe.

Mdogo wangu akaamka na nguvu mpya. "Na ng'ombe je, dada? Naye utamvisha ekzosi?"

Nikamwonyesha mstari wa Uholanzi, uliochongoka kwenda chini: tangu 1990 umepungua kwa zaidi ya nusu. Waliwataka wakulima waache kuirusha samadi ya maji juu ya majani, waifukie ardhini kwa mashine yenye visu. Akautazama kwa muda, akafuata na kidole hadi miaka ya karibuni, pale unapokaribia kulala.

"Hapa pana nini?"

Pana matrekta barabarani, mwaka 2019, wakulima wakigoma kuambiwa wapunguze tena. Akacheka, akaniambia hapo sasa tumerudi kwenye somo lake, akachukua kifutio akaniomba karatasi.

Sikumpa.