Kwa nini mzinga wetu hauna utambi

Ndugu zangu wa Tanga niliowatumia video ya mzinga wetu wameniuliza swali lilelile: utambi uko wapi? Wamezoea sinema. Hatuutumii, na nilikuwa mmoja wa walioshikilia tusiutumie.

Hapa Pennsylvania najitolea na kikundi kinachowaonyesha watu jinsi wapiga mizinga walivyofanya kazi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Mzinga wetu ni nakala ya mzinga uitwao Napoleon, wa tufe la ratili 12, muundo wa 1857. Tunashindilia baruti tu, hakuna tufe.

Utambi wa kuchomeka kwenye tundu, yaani kitobo kidogo cha juu upande wa nyuma wa mzinga kinachopeleka moto kwenye baruti, ni rahisi na bei yake poa, lakini mimi siutaki hata kuusikia. Ukishauwasha, mzinga unalia kwa wakati wake, si wako. Mtoto akiponyoka pale kwenye kamba ya watazamaji akakimbilia mbele ya mdomo wa mzinga, utafanya nini?

Fimbo yenye kamba inayofuka, iliyolowekwa shura (chumvi inayoingia kwenye baruti), ina heshima yake. Kwa mzinga wa karne ya 18 ningeichagua bila kusita, maana mpigaji ndiye anayeamua lini aiguse kwenye tundu. Shida ni kaa la moto linalofuka saa zote karibu na baruti, na mvua ikinyesha ndiyo basi. Wanamaji wa Uingereza walikuwa wameshahamia kwenye gumegume, jiwe la kutoa cheche: kwenye vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805, mizinga ya meli ya HMS Victory ilipigwa hivyo, kamba ya moto ikabaki kuwa akiba.

Sisi tunatumia kiwashio cha msuguano, kama walivyotumia askari wenyewe. Ni kimrija cha shaba kilichojazwa baruti laini. Juu yake kimelazwa kimrija kingine kifupi chenye dawa inayoshika moto ikisuguliwa, na katikati unapita waya uliokwaruzwa. Kila mpigaji ana namba ya kazi yake. Namba 3 anapenyeza sindano tunduni atoboe kifuko cha baruti. Namba 4, ambaye mara nyingi ni mimi, anatia ndoano ya kamba ya kuvutia kwenye kitanzi cha waya, anakisimamisha kiwashio tunduni, kisha anarudi nyuma hadi nje ya gurudumu, kamba ikiwa imelegea. Mpaka amri itoke, hakuna kinachowaka popote. Mtu akipita mbele, navuta pumzi, sivuti kamba.

Ukivuta, kimrija kinaruka juu kwa kasi pamoja na moto wa tunduni, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuinamia pale, na miwani ya kinga ni lazima. Kikigoma, tunangoja dakika kadhaa kila mtu akiwa mahali pake, ndipo mmoja anakaribia kwa ubavuni.

Kweli, viwashio hivi vinakula fedha, na kila msimu kuna anayependekeza turudi kwenye utambi. Jibu langu ni kwamba tupunguze mara tunazopiga mzinga kwa siku. Watazamaji watatosheka na mara chache.