Konsoli ya katikati kwa Volkswagen Beetle ya mwaka 1972

Gari langu ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972, na kama Beetle nyingi za wakati wake, lilitoka kiwandani bila konsoli, yaani kisanduku cha kuwekea vitu vidogo, kati ya viti vya mbele. Pale katikati pana mgongo wa bati ulioinuka sakafuni kutoka mbele hadi nyuma, na juu yake kuna mkono wa gia, breki ya mkono, na vishikio viwili vya kufungulia hewa ya moto, kimoja kila upande wa breki. Simu, funguo na chupa ya maji havina pa kukaa. Nimeiundia konsoli ya mbao, kwa sharti moja nililolishika tangu mwanzo: bati la gari lisitobolewe hata tundu moja.

Ndani ya mgongo ule mnapita bomba la chuma linalopeleka petroli kutoka kwenye tangi lililo mbele hadi kwenye injini iliyo nyuma, pamoja na kebo ya klachi, kebo ya akseleta, kebo za breki ya mkono na fimbo ndefu ya gia. Nimeshaona konsoli zilizofungwa hapo kwa skrubu, na kila nikiziona huwa naingiwa na hofu, kwa sababu anayetoboa kwa drili kutoka juu haoni ncha inaishia wapi. Petroli ikianza kuvuja humo, abiria wanakuwa wameketi pembeni ya hatari wasiyoiona.

Kwa hiyo konsoli yangu imekaa juu ya mgongo kama tandiko la punda. Mashavu mawili ya plaiwudi ya milimita 9 yanashuka pande zote mbili hadi kwenye zulia, na ubao wa mninga unayaunganisha juu. Kwa ndani nimebandika vipande vya mpira, na ukingo wa chini umeshikiliwa na velkro ngumu inayouma zulia. Mninga niliuchagua kwa sababu ukishakauka vizuri hausinyai wala haupindi ovyo, nalo gari hili hushinda juani.

Vipimo nilivipata kwa boksi, nikikata na kupunguza kwa mkasi mpaka likakaa vizuri. Beetle ina milango miwili tu, na anayekwenda kiti cha nyuma hulazimika kulaza mbele mgongo wa kiti cha dereva au cha abiria. Upana wa konsoli basi unapimwa viti vikiwa vimesogezwa mbele kabisa, kisha nyuma kabisa, kisha vikiwa vimelazwa.

Tundu la gia ndilo lililohitaji fikra nyingi kuliko yote. Ili kuingiza gia ya kurudi nyuma kwenye Beetle, dereva huukandamiza kwanza mkono wa gia uende chini, kisha huupeleka kushoto na kuuvuta nyuma, jirani na gia namba mbili. Ubao ukiwa juu mno, au ngozi inayozunguka gia ikiwa imevutwa sana, mkono hauzami na gari halirudi nyuma. Niliteremsha ubao sehemu hiyo, na fundi wa makochi akanishonea ngozi yenye mikunjo mingi inayolegea gia inaposhuka.

Nati za kukazia kebo za breki ziko chini ya mpira, kwenye shina la breki ya mkono, kwa hiyo pale nimeweka kifuniko kinachonyanyuka. Vishikio vya hewa ya moto nimeviachia nafasi ya kutosha vidole, kwa kuwa Arusha mwezi wa Julai asubuhi tunavihitaji kwelikweli.

Umeme wa chaja ya simu na wa voltimita (kipima volti) nimeutoa kwenye boksi la fyuzi chini ya dashibodi, nikaupa fyuzi yake peke yake. Voltimita naiona ya lazima kwenye gari linalochaji betri yake kwa dinamo, maana dashibodi ya Beetle ina taa tu ya kuonya, nayo haisemi betri inapokea volti ngapi. Waya unaingia konsoli kwa plagi ya kuchomoa, ili kebo ya ndani ya mgongo ikikatika fundi ainyanyue konsoli nzima na kuiweka kando. Tundu la chupa nimelipeleka nyuma ya breki ya mkono, mbali na plagi hiyo, na chini yake nimeweka sahani ya plastiki ya kukinga maji.