Kopo la risiti juu ya kabati

Bwana Yesu asifiwe wapendwa! Wiki hii tuongelee viporo. Sio vya maharage, ingawa na hivyo tutavifikia.

Mimi ndo mweka hazina wa jumuiya yetu, na kila risiti, iwe ya mchele wa msiba, ya bajaji au ya maua ya kanisani, huwa naitumbukiza kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga, linakaa juu ya kabati chumbani. Ripoti ya mwaka jana ilitakiwa Januari. Januari tukafiwa na bibi kijijini, nikaomba muda, wakanielewa, sababu ilikuwa ya kweli kabisa. Sasa msiba ukaisha, matanga yakaanuliwa, Februari ikapita, Kwaresma ikapita, Pasaka ikapita, kopo liko palepale na vumbi lake.

Na msidhani nilikaa bure. Loh! Sijawahi kufanya usafi kama miezi ile, nimefua mapazia, nimepaka rangi jiko, nimepanga vyombo mpaka wanangu wakauliza kama tunahama. Nikilikumbuka tu kopo, hapohapo inatokea kazi nyingine "ya muhimu" ya kuanza nayo. Mama mwenyekiti akipiga naiangalia simu inaita mpaka inakata, halafu naandika meseji, "samahani mama niko kikaoni, nitakutafuta". Kikao chenyewe ni mimi na beseni la nguo.

Ndo nikakutana na Hagai, yule nabii wa Agano la Kale. Kitabu kina sura mbili tu, ukiwa unasubiri chai ichemke unakimaliza. Wayahudi waliorudi kutoka Babeli waliweka msingi wa hekalu, majirani wakawaletea figisu (soma Ezra 4), kazi ikasimama. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli kama msiba wangu. Ila ukipiga hesabu, tangu msingi mpaka Hagai anasimama kuongea, mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani 520 KK, ni kama miaka 16! Na kwa miaka hiyo yote wimbo wao ni kwamba wakati bado. Wakati wa hekalu bado, lakini wa kujenga nyumba zao zenye mapambo ulipatikana. Mafundi walikuwepo, mbao zilikuwepo. Hapo nikafunika Biblia kidogo nikaangalia ukuta wangu wa jiko unavyong'aa.

Maana tukisikia uvivu tunamfikiria mtu amelala kwenye mkeka. Hawa hawakulala, walikuwa bize, walipanda, walivuna, walilipwa mishahara, ila Hagai anasema mshahara wenyewe ni wa kutia kwenye "mfuko uliotoboka-toboka". Anayekimbia kitu anachoka kuliko hata anayekifanya, mi nimeyaona.

Sasa tunakimbia nini? Mi naona ni hofu. Mkumbukeni yule liwali Feliki kwenye Matendo 24, Paulo anaongea habari za haki na kiasi na hukumu, jamaa akashikwa na hofu, ndo akasema nenda kwanza, nikipata nafasi nitakuita. Hofu ilianza, "nikipata nafasi" ikafuata. Na wala nafasi hakukosa, alimwita Paulo mara nyingi tu, akitegemea kupewa chochote, mpaka miaka miwili ikaisha. Mimi hofu yangu ilikuwa kwamba hesabu haitabalansi. Nilihisi kuna hela imepungua, na sikutaka kujua ni kiasi gani.

Kinachonigusa kwa Hagai ni jinsi agizo lenyewe linavyoanza na kitu kidogo. Sio "leteni hekalu". Ni pandeni mlimani, mkalete miti. Mti unabebeka. Na halafu, kabla kazi haijaanza, Mungu anawatumia neno moja fupi: "Mimi nipo pamoja nanyi." Hakusubiri waonyeshe ukuta kwanza. Hagai aliongea tarehe 1 ya mwezi wa sita, tarehe 24 mwezi huohuo wakawa kazini, siku 23 baada ya miaka 16. Hekalu likaja kuisha mwaka wa sita wa Dario.

Basi mti wangu ukawa ni kulishusha kopo. Tu. Jumamosi nimelishusha nikaliweka mezani nikaenda kunywa chai, na jioni nikalifungua. Sasa hapo ndo habari ya maharage, maana kiporo ukikiwahi asubuhi unakipasha unakula na chapati, ukikiacha na joto hili la Dar mpaka jioni kimechacha, unaosha sufuria umebana pua. Risiti za EFD, zile za mashine, wapendwa zinafutika! Nilizoweka mwaka jana zimekuwa vikaratasi vyeupe, havina hata herufi. Januari ningezisoma, au angalau ningekumbuka. Mwisho wa yote imepungua 23,500, nyingine nikakumbuka ilikuwa gesi ya chai ya semina, 9,000 sijui ilienda wapi mpaka leo, nimeitoa mfukoni kwangu.

Nikampigia mama mwenyekiti moyo unadunda, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi nimekuwa nakuombea, nilijua umehama kanisa." Tukacheka mpaka salio likaisha.

Sasa niwe mkweli. Kuna baba mdogo sijampigia tangu Pasaka, ni habari za kiwanja, tuliachana vibaya. Saa hizi ni saa mbili na nusu usiku, najua yuko macho anaangalia taarifa ya habari. Nikituma hii namtafuta. Mniombee, na wewe mwenye kopo lako lishushe tu kwanza mezani.