Pampu ya insulini niliikataa, akili yake nikaichukua

Nina kisukari aina ya kwanza, ile ambayo kongosho limeacha kutoa insulini, na riziki yangu ni dagaa: nanunua mwaloni Kibirizi, ufukwe wa Kigoma ambako mitumbwi hushusha samaki, naanika, nasafirisha. Nayataja yote mawili pamoja kwa sababu kwa miaka mingi ugonjwa na kazi vilikuwa havipatani hata kidogo.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku, kwenye giza. Mitumbwi inatoka jioni na taa zake, inarudi alfajiri, na saa ya kurudi inapangwa na upepo na samaki wenyewe. Mara saa kumi na moja, mara jua limeshachomoza. Ikifika, habari ya chai na kiporo inakufa hapo hapo. Unagombea mzigo wako, unabeba beseni, unawahi kuanika.

Wakati huo nilikuwa natumia insulini ya mchanganyiko, Mixtard 30/70, asubuhi na jioni. Asilimia 30 yake inafanya kazi haraka, 70 taratibu. Kwa mtu anayekula saa zilezile kila siku sina ubaya nayo: sindano mbili, umemaliza. Lakini ukishaichoma umeshaahidi. Ile ya haraka inadai kifungua kinywa baada ya nusu saa, ile ya taratibu inakuja kudai cha mchana, hata kama wewe bado umeinama mchangani. Jasho la baridi, mikono inatetemeka, na vijana wa kubeba wananiambia, "Mama, kaa kwanza, unaongea mambo hayaeleweki." Ikija mbalamwezi mitumbwi inapumzika, nami nakaa nyumbani, nakula kwa wakati, sibebi kitu, sukari inapanda kwa dozi ileile. Kliniki niliyokuwa nakwenda waliongeza dozi kwa kuangalia namba za mbalamwezi. Giza liliporudi ilikuwa balaa.

Mabadiliko yalianzia kwa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Uingereza. Naye ana kisukari kama changu. Alipokuja Ujiji kwenye harusi alikuwa amevaa pampu kiunoni, kitu cha ukubwa wa simu ya kitochi, na mrija mwembamba ukiingia chini ya ngozi ya tumbo. Shangazi zetu walidhani ni redio. Usiku tulikaa naye barazani nikamwuliza mpaka akachoka.

Pampu yake haina insulini ya taratibu kabisa. Ndani kuna ya haraka tu, na mashine inaidondosha kidogo kidogo mchana na usiku, kiasi kilichopangwa kwa kila saa. Hiyo ni ya kuuendesha mwili, maana hata ukilala na njaa ini linamwaga sukari kwenye damu. Akitaka kula, anakadiria wanga uliomo kwenye sahani, anabonyeza, inaingia dozi ya chakula. Zipo pampu zinazounganishwa na kihisi cha sukari na kujirekebisha zenyewe. Yake ilikuwa ya kawaida, anapima mwenyewe.

"Na chakula kikichelewa?"

"Sibonyezi, dada. Nasubiri."

Jibu hilo halikunitoka kichwani. Kumbe insulini ya mwili na insulini ya chakula ni hesabu mbili, na mimi nilikuwa nachomwa zote mbili kwa bomba moja.

Alikuwa na pampu yake ya zamani, akataka kuniachia. Nilikwenda nayo kwa muuguzi wa kisukari, dada mmoja mkali lakini anayejua kazi, tukakaa tukaipiga hesabu. Mrija na kile kisindano cha kwenye ngozi hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Vijiti vya kupimia ni vingi. Insulini inayotakiwa ni ile ya haraka ya kisasa, na anahitajika mtaalamu wa kuipanga mashine saa kwa saa. Kubwa zaidi: kwa kuwa mwilini hakuna akiba ya insulini ya taratibu, mrija ukijikunja au betri ikiisha, ndani ya saa chache sukari inapaa na sumu ya ketoni inaanza kujengeka. Kifurushi cha mirija kikikwama Dar es Salaam, mimi huku mwisho wa reli ningebaki nimevaa plastiki tupu. Ongeza jua la mwaloni linaloichemsha insulini iliyofungwa kiunoni siku nzima. Nikairudisha. "Mdogo wangu, nashukuru. Utaniletea siku ukihamia Kigoma na duka la mirija yake." Alicheka, lakini alielewa.

Nilichomwomba daktari ni kuzitenganisha hesabu zile mbili kwa sindano za kawaida. Akakubali. Alijumlisha yuniti zangu za siku nzima, akapunguza kidogo kwa usalama, karibu nusu akaziweka kwenye insulini ya taratibu ya NPH, zilizobaki akazigawa kwenye milo kama insulini ya haraka ya kawaida, ile inayoonekana safi kama maji, isiyo na ukungu. Mtu asijifanyie hivi nyumbani. Mimi nilikuwa napiga simu na namba zangu karibu kila siku mpaka dozi zikatulia.

Sindano ziliongezeka, na majirani wakanionea huruma. Wangejua nilivyopumua! Sasa alfajiri sichomi ya chakula mpaka nijue chai iko wapi na inakuja lini. Nikishaona mzigo wangu umeanikwa, nachoma, nasubiri nusu saa, nakula. Ugali wa muhogo naupima kwa bakuli lilelile, kwa sababu unapandisha sukari vibaya. Migebuka, samaki wa ziwa letu, wa mawese hawana shida kubwa, ingawa mafuta yakizidi sukari inachelewa kupanda na unaweza kudanganyika ukipima mapema.

NPH haifanani na kudondosha kwa pampu, hili lazima niliseme. Ina kilele chake, kuanzia kama saa nne baada ya kuichoma na kuendelea. Nikichoma usiku, kilele kinanikuta alfajiri nikiwa na beseni kichwani. Ndiyo maana daftari langu lina dozi mbili za usiku alizoniandikia daktari, ya giza na ya mbalamwezi. Nikiamka napima kabla sijatoka. Sukari ikiwa chini ya 4 (mmol/L), vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyojaa kwenye maji, nasubiri dakika 15, napima tena. Kipande cha muhogo wa kuchemsha kinakaa kwenye kapu kila siku, na vijana wa mwaloni wanajua sukari iliko.

Kalamu ya insulini nimeitumia pia na ninaipenda. Gizani huvuti dawa kwenye kichupa kwa tochi. Unazungusha, unahesabu milio, unachoma. Sindano yake ni fupi, milimita 4. Lakini vile vichupa vyake vya mililita 3 huwa vinapotea madukani huku, kwa hiyo kalamu ni ya mwaloni na mabomba ni ya nyumbani. Sikubali kuishi kwa kifaa kimoja ambacho nikikikosa sina njia nyingine.

Muuguzi aliniongezea jambo ambalo sikulitarajia. Aliniminya tumbo akakuta uvimbe laini pale nilipozoea kuchoma. Insulini ikiingia humo inanyonywa hovyo, leo polepole, kesho kwa kasi. Tulihama sehemu, na dozi ikabidi ishuke kidogo. Siku za kubeba sichomi paja, maana mguu unaofanya kazi unaivuta insulini haraka. Nazunguka tumboni, huku na huku.

Akiba naihifadhi kwa dada mwenye friji, ninayoitumia inakaa kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji. Kiangazi kinapoa vizuri. Masika hewa ikiwa na unyevu hakisaidii sana. Kuna mchuuzi wa migebuka alinionyesha boksi lake la barafu: "Mama, tumbukiza humu." Nilimshukuru nikapita. Insulini iliyoganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Jaribio lililofuata lilikuwa ziwa kufungwa, yaani uvuvi kusimamishwa, Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024. Miezi mitatu bila kubeba, na mfuko nao umekauka. Zamani ningejua nimeumia nikishaumwa. Safari hii niliona mapema kwamba ni namba za kuamkia zinazopanda huku za baada ya chakula zikibaki palepale, hivyo daktari akagusa NPH peke yake. Wiki ya mwisho kabla ya ziwa kufunguliwa nilimpigia tena, akairudisha dozi ya giza kabla sijabeba beseni la kwanza.