Ndoo kichwani

Jumapili usiku.

Leo baada ya ibada nimebaki kanisani peke yangu na kinanda. Ile "so" ya katikati imekufa tangu Pasaka: ukiibonyeza inatoa "tok" kavu, basi. Kwaya imeshazoea, inaipita juu kama tunavyoruka shimo la barabarani.

Nikamkumbuka Ryuichi Sakamoto, yule mtunzi wa muziki na mpiga piano wa Japani. Baada ya tsunami ya mwaka 2011 aliikuta piano iliyomezwa na maji katika shule ya kilimo huko Miyagi. Nyingine katika nyuzi zake zimelegea, nyingine bubu. Mwanzoni kuipiga alikuona kama kuchezea maiti. Baadaye akageuka: mbao za piano hupindwa kwa nguvu na nyuzi hukazwa na binadamu hadi zimtii, na bahari imezirudisha zinakotaka kwenda. Sauti ya piano hiyo akaitia kwenye albamu yake ya 2017.

Ila kilichonikaa kooni wiki hii ni mkasi wa waongozaji, unaokata muziki wa mtu.

Mwaka juzi niliombwa muziki wa tamthilia moja. Nikakesha siku nne, nikapeleka vipande tisa. Siku ya kuonyeshwa nikakusanya familia nzima sebuleni, na mama akakaanga mihogo. Vilisikika vitatu, kimoja kikiwa chini ya maneno ya watu wanaogombana. Dada akauliza, "Sasa wako uko wapi?" Nilizira mwezi mzima.

Sakamoto yalimpata makubwa zaidi. Kazi yake ya kwanza ya muziki wa filamu aliipata kwa kubishana bei: mwongozaji Nagisa Oshima alimtaka awe mwigizaji tu, naye akasema sawa, ila na muziki niutunge mimi. Filamu ikatoka 1983. Kisha mwongozaji Mwitalia, Bernardo Bertolucci, kwa filamu ya mfalme wa mwisho wa China, akampa wiki mbili. Alitunga vipande zaidi ya 40, na siku ya kuitazama akakuta karibu nusu havimo. Oscar ya 1988 aliipokea pamoja na David Byrne na Cong Su, kwa vipande vilivyobaki.

Na bado akarudi kwa Bertolucci, kwa filamu nyingine! Safari hiyo okestra imeshakaa, ala mkononi, mzee anasema mwanzo haumpendezi, uandikwe upya sasa hivi. Haiwezekani, akajibu Sakamoto. Mzee akamwambia Ennio Morricone, mtunzi mwenzake wa muziki wa filamu, huwa anaweza. Nusu saa, mwanzo mpya ukawa tayari. (Wivu nao una kazi yake, tusidanganyane.)

Septemba 2022, saratani ikiwa imemla, alirekodiwa peke yake kwenye piano, nyimbo 20, chache kwa siku kwa sababu nguvu zilikuwa haba. Alifariki Machi 2023, akiwa na miaka 71.

Ila picha yake ninayoipenda hana piano kabisa. Amesimama nje kwenye mvua, kajivika ndoo ya plastiki kichwani, anasikiliza matone.

Jioni hii mvua imenikuta uani. Nikachukua ndoo ya kufulia, nikajifunika. Ndani kuna harufu ya sabuni, na kila tone lina kimo chake: la kwenye kingo ni jembamba, la katikati zito kidogo. Nimeanza kuyahesabu, nikasikia sauti ya mama mlangoni.

"We mwanangu, umefanya nini?"

"Nasikiliza, mama."

"Haya. Ukimaliza, uirudishe hiyo ndoo, nimeloweka nguo."