Gitaa lilinifungukia nilipolipigia nota za kwaya

Juu ya karibu kila karatasi ya wimbo niliyowahi kushika kwayani pameandikwa kitu kama "Do: G", na pembeni yake mapigo, 4/4 au 6/8. Nimeimba sauti ya nne, yaani besi, miaka kumi na miwili na sikuwahi kujiuliza ile G ina kazi gani. Mwalimu wa kwaya alibonyeza kinanda, akatupa do, tukaanza. Herufi, jina la sauti ambayo do inaanzia, ilikuwa yake, sisi yetu ilikuwa kuimba. Nilipoamua kujifunza gitaa nikiwa na miaka 31, herufi hiyo ndiyo iliyonifungulia njia. Ila nilikaa karibu miezi minne bila kuiona, na hiyo miezi minne ndiyo ninayotaka kumwokolea anayeanza leo.

Gitaa nililinunua kwa mtu, limeshatumika, hapa Morogoro. Lilikuwa zuri kwa macho. Baada ya wiki chache nikaona daraja lake, kile kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi juu ya tumbo, linaanza kubanduka upande mmoja. Fundi alilipokea, akaligeuza mara moja tu, akasema, "Hili limetengenezwa kwa nyuzi za nailoni, wamelifunga za chuma." Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu kubwa zaidi kuliko za nailoni, na mbao za gitaa la nailoni hazikujengwa kuubeba mvuto huo. Aligandisha daraja, akafunga nailoni, na vidole vyangu vikapata nafuu siku ileile. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, angalia kichwa cha gitaa: kikiwa na matundu mawili marefu katikati, mara nyingi hilo ni la nailoni, na zile nyuzi tatu nyembamba zinatakiwa ziwe kama mshipi wa kuvulia samaki. Angalia pia nyuzi zimeinuka kiasi gani kutoka shingoni pale kwenye chuma cha 12, nikimaanisha vile vyuma vidogo vilivyolazwa kukatiza shingo, ukihesabu kutoka kichwani. Zikiwa juu sana, utaumia na utadhani tatizo ni mkono wako.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa michoro ya chodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwenye simu. Weka kidole hapa, weka kingine pale, hii ndiyo G, hii ndiyo C. Nilikariri. C ndiyo iliyonitesa zaidi, na sababu yake niliigundua siku nilipopiga uzi mmoja mmoja badala ya kuzikwangua zote kwa pamoja. Nyuzi ni sita, wa kwanza ndio mwembamba kuliko zote na wa sita ndio mnene. Kidole cha shahada kinabana uzi wa pili kwenye chuma cha kwanza, cha kati kinabana uzi wa nne kwenye chuma cha pili, cha pete kinabana uzi wa tano kwenye chuma cha tatu. Uzi wa kwanza unatakiwa uachwe wazi ulie. Wangu haukulia, ulitoa mlio mfu kama wa kugonga ubao. Niliinama nikatazama kwa karibu: nyama ya kidole cha shahada ilikuwa imelala na kuugusa. Nilishusha kidole gumba kikae nyuma ya shingo badala ya kuning'inia juu yake, kiganja kikapata nafasi, vidole vikasimama kwa ncha, na uzi ukalia. Pia nilijifunza kubana karibu kabisa na chuma chenyewe, upande wa nyuma yake, si katikati ya nafasi. Ukibana hapo unatumia nguvu kidogo na sauti inatoka safi.

Lakini kubana vizuri si kujua unapiga nini. Nilikuwa na chodi tano kichwani na hakuna hata moja iliyonieleza kwa nini inafuatana na nyingine. Mtaani kwetu kuna mzee aliyewahi kupiga gitaa la rhythm, lile linaloshika chodi na mapigo, katika bendi ya dansi. Jioni moja nilimfuata barazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si ndiye unayeimba besi kule kanisani?"

"Ndiye mimi."

"Basi niimbie do re mi. Bila gitaa."

Nikaimba, kupanda na kushuka. Akanipa gitaa lake. "Sasa hiyohiyo uliyoimba itafute kwenye uzi mmoja. Usihame uzi. Uzi ukiwa wazi ndiyo do yako."

Nilichukua uzi wa kwanza. Niliimba re, nikautafuta kwa kidole: chuma cha pili. Mi: chuma cha nne. Nikaruka kwenda cha sita kutafuta fa na ikakataa, ilikuwa juu mno. Nikarudi, ipo cha tano, jirani kabisa na mi. So cha saba, la cha tisa, ti cha 11, na do ya juu cha 12. Mzee akanyoosha kidole kunionyesha kwamba kile chuma cha 12 kipo katikati kabisa ya uzi, kati ya kichwa na daraja. Nusu ya uzi inatoa sauti ileile, juu zaidi.

Mbili, mbili, moja, mbili, mbili, mbili, moja. Hiyo ndiyo ngazi nzima. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, ni chuma kimoja tu, kwingine ni viwili. Nilikuwa nimeuimba umbali huo tangu utotoni bila kukosea, koo langu linaujua, na sasa nilikuwa nauona kwa macho na kuuhesabu kwa kidole. Niliporudi nyumbani nililala saa nane usiku.

Nota hizi tunazoziimba zina safari ndefu. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich nchini Uingereza, ndiye aliyeupanga mfumo huu wa herufi katika karne ya 19, na John Curwen akauendeleza na kuueneza. Wamisionari wakauleta Afrika. Zamani ile ya saba iliitwa si. Glover aliifanya ti ili isigongane na so, na ndiyo maana leo tunaandika d r m f s l t bila kuchanganya. Namshukuru kila ninapofungua karatasi.

Baada ya jioni ile nilichukua chodi ya G na kuuliza kila uzi unaimba nini, do ikiwa G. Kutoka uzi mnene kwenda mwembamba: do, mi, so, do, mi, do. Ni kwaya! Sauti ya nne imeshika do, ya tatu so, ya pili mi, ya kwanza do ya juu. Chodi ni kwaya iliyosimama kwenye pigo moja. C, do ikibaki palepale G, ni fa, la, do. D ni so, ti, re. Basi nikaelewa kwa nini kutoka G kwenda C sikio halishtuki: do ipo katika zote mbili, kuna mtu mmoja kwayani ambaye hakuhama. Na D ina ti, na ti haitulii mpaka irudi do. Kila mwimbaji anajua jinsi inavyovuta. E ndogo, ile yenye sauti ya majonzi, ni la, do, mi. Inakopa mbili kati ya tatu za G, ndiyo maana zinakaa pamoja kama ndugu.

Nyimbo nyingi sana za kanisani zinatembea juu ya hizo tatu za kwanza, ya do, ya fa na ya so. Ukizijua kwa kazi yake badala ya herufi yake, unaweza kuhama ukienda popote. Do ikiwa D, ya fa ni G na ya so ni A. Hesabu ni ileile.

Kutuni, yaani kuzikaza au kuzilegeza nyuzi hadi zipatane, nako kukawa rahisi. Wengi hutumia programu ya simu, na mimi pia huitumia, lakini mwanafunzi aliyetoka kwayani ana kipimo kinywani. Kutoka uzi wa sita kwenda wa tano imba so, do, kama unavyoanza wimbo kwa kupanda. Wa tano kwenda wa nne, so, do tena. Wa nne kwenda wa tatu, so, do. Wa tatu kwenda wa pili hapo pekee imba do, mi. Wa pili kwenda wa kwanza, so, do. Hilo "hapo pekee" ndilo linaloeleza kwa nini wanaotuni kwa kubana chuma cha tano hubana cha nne kwenye uzi wa tatu. Nilikuwa nimekariri jambo hilo bila sababu.

Mkono wa kulia sikuufikiria kabisa hadi mzee aliponikemea. Nilikuwa nasimama kila ninapobadili chodi, nasubiri vidole vifike, halafu naendelea. "Mwanangu," alisema, "watu wanacheza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukichelewa watakusamehe, wa kulia ukisimama wanarudi kukaa." Akaniagiza nizibe nyuzi zote kwa kiganja cha kushoto, zisitoe sauti yoyote, na kulia niende tu: moja na, mbili na, tatu na, nne na, chini kwenye namba, juu kwenye "na". Dakika kumi kila siku. Kwa 6/8 nilihesabu hadi sita nikikaza ya kwanza na ya nne. Kisha chodi mbili tu, G na C, polepole kiasi kwamba vidole vinafika kabla ya pigo, si baada yake. Wiki ya tatu ncha za vidole zikaota sugu na maumivu yakapungua. F, ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote, niliiacha kwanza, na sijutii. Ilikuja yenyewe mwezi wa saba mkono ulipopata nguvu.

Mzee alinisimulia pia juu ya Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliyeimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa kidole gumba na cha shahada tu, gumba likishika besi na shahada likiimba. Nimeanza kulifuata hilo. Gumba langu, baada ya miaka ya sauti ya nne, linajua pa kwenda.

Mtihani wenyewe ulikuja jumuiyani. Pale hakuna karatasi na hakuna "Do: G". Mama mmoja anaanzisha wimbo kwa sauti yake, popote ilipomjia, na wote wanamfuata. Mara ya kwanza nilikaa na gitaa mapajani wimbo mzima, nikitafuta, na ukaisha. Nyumbani nikakaa kufikiria. Do ya chodi ya G ipo uzi wa sita, chuma cha tatu. Nikiipata do ya mama kwenye uzi huohuo, nahesabu imepita cha tatu kwa vyuma vingapi, na hapo ndipo ninapofunga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni ili gitaa zima lipande.

Alhamisi iliyofuata mama akaanza. Niliacha ubeti wa kwanza upite, nikaguna do kimoyomoyo na kuitafuta kwa kidole kwenye uzi wa sita, taratibu, nisimvuruge. Cha tatu, hapana. Cha nne, hapana. Cha tano. Nikafunga kapo chuma cha pili, nikasubiri kiitikio, nikashuka na chodi ya G. Mama aligeuza shingo kunitazama, hakuacha kuimba, akapandisha sauti.